Mipaka Ilibaki, Watu Wakafanywa Wageni

Julai 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Cairo wakakubaliana kwamba kila taifa litaheshimu mipaka iliyokuwepo siku lilipopata uhuru. Hoja hiyo ililetwa na Mwalimu Nyerere. Somalia iliikataa kwa sababu ilikuwa ikidai ardhi za Wasomali walioko Ethiopia, Kenya na Djibouti, na Morocco nayo haikuridhia, kwani mwaka mmoja kabla ilikuwa imepigana na Algeria juu ya mpaka wao wa jangwani. Tangu hapo azimio la Cairo limebebeshwa lawama nyingi. Husemwa kwamba lilibariki mistari ya kikoloni ya Mkutano wa Berlin, kwamba liliwatenga ndugu na kuwafunga pamoja wasioelewana, na kwamba damu iliyomwagika baadaye chanzo chake ni hapo. Naona lawama hiyo imempiga asiyehusika. Ukihesabu vita vya nchi na nchi juu ya ardhi katika Afrika tangu 1964 utavipata vichache: Somalia na Ethiopia mwaka 1977, Mali na Burkina Faso, Libya na Chad, Ethiopia na Eritrea. Kwa bara lenye nchi zaidi ya 50, ambazo karibu zote zilirithi mistari iliyochorwa na wageni, hilo si jambo dogo. Kilichotuumiza ni kile ambacho azimio halikukigusa kabisa. Mtu aliyekutwa upande huu wa mpaka siku bendera inapandishwa, na baba yake alitoka upande wa pili, ni raia wa wapi? Swali hilo liliachiwa kila serikali ilijibu kivyake, na majibu yaliyoandikwa katika sheria za uraia ndiyo yaliyovitoa vita mipakani na kuviingiza vijijini.

Ili kuelewa uzito wa swali lenyewe, lazima tukumbuke jinsi ukoloni ulivyowahamisha watu. Tumezoea kuusimulia kama utawala uliowagawa Waafrika kwa mistari, na ni kweli, lakini utawala huohuo uliwavusha mistari hiyo kwa maelfu kila mwaka, kwa sababu mashamba na migodi vilihitaji mikono. Manamba wa mkonge Tanganyika walitoka Ruanda-Urundi, Nyasaland na Msumbiji ya Wareno. Vijana wa Rwanda walikwenda kulima pamba na kahawa Buganda, na wengine wakachukuliwa hadi migodi ya shaba ya Katanga. Wanyasa walijaa katika mashamba na migodi ya Rhodesia ya Kusini. Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso, ilifutwa na Wafaransa mwaka 1932 na sehemu kubwa yake ikaunganishwa na Côte d'Ivoire, kisha ikarudishwa mwaka 1947. Kwa miaka hiyo 15 kibarua Mmosi aliyekwenda kulima kakao kusini hakuvuka mpaka wowote, alisafiri ndani ya koloni moja. Mpaka wa wakati huo ulikuwa mstari wa kugawana kodi na madaraka kati ya maofisa. Kibarua alibanwa na mengine, na huko Kenya, kubwa kati ya hayo lilikuwa kipande, ile karatasi yenye alama za vidole ambayo kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimika kuivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kipande kilionyesha ametoka kabila gani, ameajiriwa na nani, kwa mshahara gani. Hakikumwuliza ni raia wa nchi gani, maana hakuna aliyekuwa raia wa nchi yoyote. Wote walikuwa watawaliwa.

Uhuru ndio uliouleta uraia, na hili lazima lisemwe bila kuona haya, kwa kuwa ni sifa ya uhuru. Mtu aliyekuwa mtawaliwa akapata kura, pasipoti na haki ya kudai. Lakini uraia una mlango, na mlango una bawabu. Katiba ya uhuru ya Kenya iliweka kwamba tarehe 12 Desemba 1963 mtu atakuwa raia moja kwa moja iwapo amezaliwa Kenya na walau mzazi wake mmoja naye amezaliwa Kenya. Aliyezaliwa Kenya lakini wazazi wake wote wawili wamezaliwa nje alipewa miaka miwili aende akajiandikishe. Kwenye karatasi ni sharti la haki kabisa. Sasa liweke mbele ya Mmakonde wa Kwale, ambaye baba yake aliletwa kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge au miwa, ambaye hasomi, ambaye hajaambiwa na mtu kwamba muda unahesabiwa. Miaka miwili ilipita yeye akiwa shambani. Watoto wake wakazaliwa bila uraia, na wajukuu vilevile. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, na bila laini huna M-Pesa. Huwezi kufungua akaunti, huwezi kupata hati ya shamba, na leseni ya kuvua samaki unaiomba kwa jina la mwenzako. Wamakonde wa Kenya waliishi hivyo zaidi ya nusu karne, hadi Oktoba 2016 walipofunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi, wakafika mbele ya Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru wapewe vitambulisho. Mwanzoni mwa 2017 walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wao walisubiri kwa amani. Kwingine watu wa namna hiyohiyo hawakuachwa wasubiri.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Kivu ya Kaskazini. Mpaka kati ya Kongo na Rwanda uliafikiwa na Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza mwaka 1910, na kwa kuafikiwa huko sehemu ya watu waliokuwa wakizungumza Kinyarwanda, hasa pande za Rutshuru, wakajikuta ndani ya Kongo bila kuhama hata hatua moja. Kisha mwaka 1937 serikali ya Kibelgiji, ambayo sasa ilitawala pande zote mbili, iliunda chombo maalumu cha kuwahamisha Wanyarwanda kutoka nchi yao iliyosongamana na kuwaleta Masisi, penye mashamba ya walowezi yaliyohitaji vibarua. Kazi hiyo iliendelea hadi 1955, na kwa makadirio yanayotajwa sana waliohamishwa walizidi 80,000. Wahunde, wenyeji wa Masisi, hawakuulizwa. Ardhi ya mababu zao iligawiwa wageni kwa amri, na kwa muda wageni hao wakawekewa hata mtawala wao wenyewe huko Gishari, asiyekuwa chini ya mwami, yaani mtawala wa jadi, wa Wahunde. Manung'uniko ya Wahunde yalikuwa na msingi, na mtu yeyote anayeisimulia Masisi kana kwamba ni chuki tu ya wenyeji amewaacha Wabelgiji waende zao na mikono safi.

Uhuru ukafika, na uraia ukawa mchezo wa tarehe. Sheria ya uchaguzi ya 1960 iliwaruhusu watu wa Ruanda-Urundi waliokwisha kukaa Kongo miaka kumi kupiga kura. Katiba ya Luluabourg ya 1964 ikasema raia ni yule ambaye mmoja wa mababu zake alikuwa wa kabila lililokuwamo nchini kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908; waliohamishwa tangu 1937 wakawa nje. Mwaka 1972 Rais Mobutu, ambaye mkuu wa ofisi yake alikuwa Barthélemy Bisengimana, mwenye asili ya Rwanda, akatia saini sheria iliyowapa uraia kwa pamoja wote waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya Januari 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikafuta hiyo ya 1972 na kuirudisha tarehe nyuma kuliko zote: Agosti 1885. Mkulima wa Masisi sasa alitakiwa athibitishe kwamba babu yake alikuwa wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya Kongo mwaka ambao Kivu haikuwa imeona ofisa hata mmoja wa Mfalme Leopold, miaka 25 kabla mpaka wenyewe haujaafikiwa. Hapakuwa na daftari. Hapakuwa na karani wa kuliandika hilo daftari. Sheria ilidai ushahidi usioweza kuwepo, na ushahidi usioweza kuwepo humpa nguvu yule anayepewa kazi ya kuukagua.

Kwa nini jambo la makaratasi liue watu? Kwa sababu ya shamba. Katika Kivu, kama ilivyo sehemu nyingi za Afrika, ardhi ya kijijini hupatikana kwa njia ya mwami, na mwami huwagawia watu wake. Mgeni hulima kwa hisani. Mwaka 1973 serikali ilitangaza ardhi yote kuwa mali yake, na matajiri wenye marafiki Kinshasa, wakiwamo Wanyarwanda kadhaa walioneemeka na sheria ya mwaka uliotangulia, wakajitwalia milima mizima ya Masisi kufugia ng'ombe. Mhunde maskini na Mnyarwanda maskini wote walisukumwa pembeni. Lakini uraia ulipofutwa mwaka 1981, hasira ya ardhi ikapata shabaha moja rahisi. Mwaka 1991 likaja zoezi la kuwahesabu na kuwatambua raia wa kweli, Wanyarwanda wakanyimwa nafasi katika Mkutano Mkuu wa Taifa, na uchaguzi wa vyama vingi ulipokaribia kila mwanasiasa alielewa kwamba kumwondoa jirani katika orodha ya raia ni kumwondoa katika orodha ya wapiga kura. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi yote, wakafa maelfu. Huo ulikuwa mwaka mmoja kabla ya mauaji ya kimbari ya Rwanda na kabla wakimbizi zaidi ya milioni moja hawajamiminika Kivu wakiwa na wauaji kati yao. Aprili 1995 bunge la mpito likaazimia kwamba watu wenye asili ya Rwanda na Burundi wahesabiwe kuwa wakimbizi, na Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu ya Kusini aliwapa Banyamulenge, Watutsi wa mkoa huo, wiki moja waondoke nchini. Vita vilikuwa tayari vimekwisha kuanza milimani. Mei 1997 Mobutu akawa ameanguka.

Upande wa pili wa milima, Uganda iliwatia watu kwenye shimo lilelile. Watutsi waliokimbia Rwanda tangu 1959 walilea watoto huko Ankole ambao Rwanda waliijua kwa kusimuliwa tu. Mwaka 1982 maofisa na vijana wa chama tawala cha Obote walianza kuwafukuza kutoka Mbarara, wakachoma nyumba na kuchukua ng'ombe, na makumi ya maelfu wakasukumwa mpakani bila kujali nani ni mkimbizi na nani ni Mnyarwanda wa Uganda tangu enzi za wakoloni. Vijana wengi wao waliingia msituni na Museveni, wakashinda naye mwaka 1986, na mmoja wao, Fred Rwigyema, akapanda hadi kuwa naibu waziri wa ulinzi. Ushindi haukuwaokoa. Manung'uniko kwamba nchi imeshikwa na wageni yaliongezeka, ahadi ya uraia ikafifia, na serikali ya Habyarimana ilikuwa imekwisha kutangaza mwaka 1986 kwamba Rwanda haina nafasi ya kuwarudisha wote. Watu waliokataliwa na nchi mbili kwa wakati mmoja, wakiwa na bunduki na mafunzo, walivuka mpaka tarehe 1 Oktoba 1990. Yaliyofuata yanajulikana.

Anayedhani hili ni jambo la Maziwa Makuu pekee aiangalie Côte d'Ivoire. Rais Houphouët-Boigny aliwakaribisha Wavolta kwa kanuni kwamba ardhi ni ya anayeilima, na nchi ikatajirika kwa kakao yao. Alipofariki mwaka 1993 na bei ya kakao ikiwa imeporomoka, warithi wake waligundua Uivory halisi. Sheria ya uchaguzi ya Desemba 1994 ilidai mgombea urais awe na baba na mama waliozaliwa Waivory, na kwa hiyo Alassane Ouattara, ambaye uraia wa wazazi wake ulipingwa, akazuiwa. Sheria ya 1998 ikafunga umiliki wa ardhi ya vijijini kwa raia tu. Septemba 2002 nchi ikapasuka vipande viwili. Waliochukua silaha kaskazini walikuwa na malalamiko mengi, na lile lililosikika zaidi lilikuwa la vitambulisho walivyonyimwa.

Pingamizi zito kuliko yote naliona kutoka Kaskazini Mashariki ya Kenya, kwa sababu pale mstari wenyewe ulibishaniwa. Tume iliyotumwa na Waingereza mwaka 1962 ilikuta kwamba Wasomali wengi mno wa wilaya ile walitaka kuungana na Somalia, na Waingereza wakaiacha kwa Kenya hata hivyo. Vikafuata vita vya shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga. Je, hapa si mpaka uliokosewa? Ulikosewa, nakubali. Hata hivyo, mwaka 1967 Kenya na Somalia zilipatana Arusha kwa usuluhishi wa Rais Kaunda wa Zambia na vita vikazimika, na mateso ya watu wa kule hayakuzimika pamoja navyo. Hali ya hatari iliendelea hadi mapema miaka ya 1990. Mauaji ya Wasomali huko Wagalla, Wajir, mikononi mwa jeshi la Kenya, yalitokea Februari 1984, katika nchi yenye amani na jirani zake. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya, wao peke yao, waliitwa kukaguliwa upya ili ithibitike kama ni raia, na kwa miongo mingi baadaye kijana wa Garissa aliyeomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa wa usalama ambayo kijana wa Nyeri hakuwahi kuiona. Mpaka ulikaa palepale, na aliyeishi ndani yake aliendelea kuulizwa kama amevuka. Tena, kusogeza mstari hakumalizi swali. Eritrea ilijitenga mwaka 1993, na vita na Ethiopia vilipozuka mwaka 1998 Ethiopia iliwafukuza makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Eritrea, wengi wao wakiwa na pasipoti za Ethiopia. Mpaka mpya ulizalisha wageni wapya kwa njia ileile.

Pingamizi la pili hutoka Kinshasa, na lina uchungu wa haki. Wakongo husema maneno haya ya uraia ni pazia, kwamba nyuma yake kuna majeshi ya jirani na malori ya madini, na kwamba waasi wa M23, walioiteka Goma mwaka 2012 na tena Januari 2025, hutetewa na Rwanda kwa jina la kuwalinda Watutsi wa Kongo. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza msaada huo wa Rwanda mara nyingi na sina sababu ya kuupunguza. Hakuna dhuluma ya uraia inayompa jirani ruhusa ya kuteka mji wa mwenzake. Lakini Masisi iliwaka mwaka 1963 na tena mwaka 1993, miaka ambayo hakuna jeshi la Rwanda lililokuwapo na koltani haikuwa na soko la kugombaniwa. Madini yanaeleza kwa nini vita havimaliziki na nani anafaidi. Kisingizio cha mvamizi kimetoka ndani, katika sheria ya 1981, na kila Mkongo anayezungumza Kinyarwanda anapoambiwa arudi kwao, kisingizio hicho kinaongezewa uhai. Sheria ya Novemba 2004 ilijaribu kurekebisha kwa kuwatambua wote ambao makabila yao yalikuwa katika ardhi iliyokuja kuwa Kongo siku ya uhuru. Ni sheria nzuri, ila ilikuja baada ya vita viwili, na kwa wengi imebaki kwenye gazeti la serikali.

Wapo pia wanaosema kwamba kila taifa lazima lichague raia wake, na serikali changa za miaka ya 1960 zilikuwa na shida za kutosha bila kuongezewa vibarua wa mkoloni. Sawa, taifa lisilochagua si taifa. Lakini uchaguzi mwingine uliwezekana, na tunajua hivyo kwa kuwa ulifanyika. Oktoba 1961, Bunge la Tanganyika lilipojadili muswada wa uraia, wabunge kadhaa walitaka uraia wa weusi pekee, na Nyerere aliupinga kwa ukali akawa tayari kuachia madaraka kuliko kukubali uraia unaopimwa kwa rangi. Manamba wa mkonge hawakuja kufukuzwa kwa sheria kama walivyofukuzwa wenzao kwingine. Mnamo 1980 Tanzania iliwapa uraia makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, na baadaye Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972, waliokuwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakaidhinishiwa wapatao 162,000, ingawa hati zao zilicheleweshwa hadi mwishoni mwa 2014. Simpambi mtu. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwasomba katika Kagera na mikoa jirani watu waliokuwa wamezaliwa na kuzeeka humo, na baadhi yao walivushwa mpaka na kutenganishwa na wake na watoto. Ilichukua wiki chache kuonyesha jinsi hata nchi yenye sera nzuri inavyoweza kurudi katika tabia ya kumtazama mtu usoni na kumkisia kwao ni wapi. Hata hivyo Katumba haijazaa jeshi la msituni la kuipiga Tanzania, na Masisi imezaa majeshi ya msituni kadhaa. Warundi wa Katumba walikimbia na Wanyarwanda wa Masisi walihamishwa, lakini wote walikuwa wageni ng'ambo ya mpaka. Tofauti ya hatima zao iliandikwa na wabunge na mawaziri, kwa kalamu, baada ya uhuru.

Ndiyo maana siridhiki na jibu la kwamba muungano wa Afrika Mashariki utayamaliza haya wenyewe. Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022 na Somalia ikafuata, na itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika mwaka 2010 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuvuka na kufanya kazi. Raia. Yule ambaye hati zake zimekataliwa Goma au Kwale hafaidi chochote na itifaki hiyo, na kadiri mpaka unavyofunguka kwa wenye karatasi ndivyo asiye nayo anavyozidi kuonekana mtuhumiwa. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki juu ya haki ya kila mtu kuwa na uraia, miaka 60 baada ya Cairo, na sasa inasubiri nchi za kutosha ziiridhie. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza Wajir kwamba ule ukaguzi wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho wa kaunti za mpakani umefutwa, na mara moja wakatokea wanasiasa waliosema nchi imefunguliwa kwa magaidi na kura zimeanza kutengenezwa. Hoja zao ni zilezile zilizosikika Kinshasa mwaka 1991 na Abidjan mwaka 1994. Kinachohitajika sasa ni bunge litakaloyaandika hayo katika sheria, ili kitambulisho cha kijana wa Garissa kisitegemee nani yuko Ikulu.